Masomo ya Afya: Kabla ya Kulipa, Uliza Diploma Itafungua Mlango Gani



Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, swali moja linarudi kwenye mikutano yetu: "Ninataka binti yangu asome kazi ya hospitali. Nianzie wapi, na nitalipa miaka mingapi?" Wanaouliza si wenye mabinti peke yao. Wamo pia wamama wenyewe, wanaouza unga au mafuta karibu na parkingi ya malori, wanaosema: mimi pia nina diploma ya Leta iliyolala ndani ya sanduku tangu niolewe, inaweza bado kunifaa?

Inaweza. Lakini kazi ya afya ina ngazi, na kila ngazi ina karatasi yake. Familia nyingi zinapoteza pesa kwa sababu zimelipa bila kujua zimepanda ngazi gani, si kwa sababu mtoto hana akili. Wiki hii tumeweka habari hii pamoja, ili kila mama aweze kuuliza maswali yenye maana kabla ya kutoa franka ya kwanza.

A2, A1, A0: maana yake nini?

Hapa kwetu Kongo, yule tunayemwita "munganga" pale kwenye kituo cha afya, mara nyingi si daktari. Ni muuguzi. Na wauguzi hawako sawa kwa masomo.

A2 ni muuguzi aliyesoma kwenye ITM, yaani shule ya sekondari ya ufundi wa uganga. Mtoto anaingia huko akiisha kumaliza darasa la 8 la elimu ya msingi, anasoma miaka 4, na mwishoni anafanya mtihani wa juri ya taifa. Jambo wengi hawajui: shule hizi za A2 ziko chini ya Wizara ya Afya, si chini ya wizara inayosimamia shule zingine za sekondari. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ITM fulani inatambuliwa, unauliza watu wa afya.

A1 ni aliyesoma masomo ya juu kwenye ISTM, chuo cha ufundi wa uganga. Lubumbashi kuna ISTM ya Leta, na ziko pia za watu binafsi. Vyuo hivi viko chini ya Wizara ya Masomo ya Juu. Ili kuingia, lazima uwe na diploma ya Leta. Zamani mwanafunzi alisoma miaka 3 akapata gradua, na hiyo ndiyo ilikuwa A1. Akitaka kuendelea, aliongeza miaka 2 akapata lisansi, ndiyo A0.

Sasa mpango umebadilika, na hapa ndipo wamama wengi wanachanganyikiwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vinaingia katika mpango wa LMD: lisansi, masta, dokta. Gradua inaondoka. Miaka 3 ya kwanza sasa inaitwa lisansi, na ina kredi 180, yaani kredi 60 kwa kila mwaka. Miaka 2 inayofuata inaitwa masta, yenye kredi 120. Ina maana lisansi ya leo si sawa na lisansi ya zamani. Lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5, ya leo ni miaka 3. Mtu akikuambia "mtoto wangu anafanya lisansi", uliza: ya mpango wa zamani au wa sasa?

Tofauti nyingine kubwa ni hii. Katika LMD, somo ambalo mwanafunzi amelifaulu linabaki lake kama kredi. Lakini kwenye ITM, mtoto aliyesimama mwaka wa tatu hana nusu ya A2. Hana kitu. Miaka mitatu ya malipo, ya blauzi nyeupe, ya usafiri, inabaki bila jina. Ndiyo sababu ni afadhali kuchelewa kuanza mwaka mmoja huku mnaweka pesa, kuliko kuanza haraka na kukatika katikati.

Si uuguzi peke yake

Wazazi wengi wakisikia "kazi ya hospitali" wanafikiri sindano tu. Lakini hospitali inasimama kwa mikono mingi. Kwenye masomo ya ufundi wa uganga kuna njia nyingine, na kila moja inamfaa mtu wa namna yake:

Ukunga. Ni kazi ya kufuata mimba, kuzalisha, na kutunza mama na mtoto baada ya kuzaa. Inahitaji mtu anayeweza kukesha na asiyepoteza akili damu inapomwagika.

Labo. Huyu ndiye anayetazama damu chini ya mikroskopi na kusema kama ni malaria au hapana. Inamfaa mtoto mtulivu, anayependa kazi ya umakini. Labo ikikosea, dawa yote inakosea.

Radio. Ni kupiga picha za mifupa na za ndani ya mwili. Vyombo hivi viko zaidi kwenye hospitali kubwa, kwa hiyo anayesoma radio ajiandae kufanya kazi mjini.

Kine. Ni kuwarudishia nguvu waliovunjika, waliopooza, na watoto waliozaliwa na shida ya viungo. Kwenye barabara yetu yenye malori mengi, ajali hazikosi, na mtu wa kine ana kazi.

Lishe. Ni kupima na kufuata watoto wenye utapiamlo, kufundisha wamama kupika, kupanga chakula cha mgonjwa wa sukari au wa presha.

Usimamizi wa hospitali. Ni hesabu, dawa zinazoingia na kutoka, ripoti. Mtoto anayeogopa damu lakini anapenda afya, njia yake inaweza kuwa hii.

Kaa na binti yako umuulize anapenda nini hasa. Mtoto anayezimia akiona kidonda, ukimlazimisha uuguzi, utalipa mara mbili.

Ngazi inapandika

Wamama wengine wanadharau ngazi ya chini: "A2 ni kidogo." Tukumbuke historia yetu. Tarehe 30 mwezi wa 6, 1960, Kongo ilipopata uhuru, ilikuwa haijapata bado hata daktari mmoja aliyemaliza chuo kikuu hapa inchini. Waliokuwapo ni wauguzi na wasaidizi wa madaktari, Wakongo waliofundishwa kazi nyingi za daktari bila kupewa jina lake. Madaktari wa Kibeleji walipoondoka kwa wingi, wao ndio walioshikilia hospitali nyingi. Na makumi yao, kwa msaada wa Shirika la Afya Ulimwenguni, walitumwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi wakiwa madaktari kamili.

Hata hospitali kubwa ya Lubumbashi ambako wengi wetu tumepeleka wagonjwa, Sendwe, inaitwa kwa jina la Jason Sendwe. Wengi wanamjua kama mkubwa wa siasa wa Balubakat. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa daktari.

Kwa hiyo A2 inaweza kuwa mwanzo. Anaweza kufanya kazi, akaweka pesa, kisha akaenda ISTM. Lakini njia hiyo inafunguka tu kama karatasi ya kwanza ni ya kweli.

Shule ya kweli na shule ya kibao

Kupaka ukuta rangi nyeupe na kuchora msalaba mwekundu si kazi ngumu. Shule inaweza kuwa na kibao kizuri, wanafunzi wenye blauzi safi, na bado isiwe na ruhusa. Siku ya mtihani wa taifa, au siku ya kutafuta kazi, ndipo mzazi anajua. Hakikisha mambo haya kabla ya kuandikisha:

Kwanza, omba kuona arete, yaani barua ya waziri inayoruhusu shule. Soma namba na tarehe. Tazama kama imetaja njia ile ile ambayo mtoto wako anataka. Shule inaweza kuwa na ruhusa ya uuguzi na isiwe na ruhusa ya ukunga au ya labo.

Pili, kwa ITM, peleka jina la shule kwenye ofisi ya zoni ya afya, au kwenye Divisheni ya Afya ya jimbo kule Lubumbashi, uulize kama inajulikana. Kwa chuo cha juu, uliza kama kimo kwenye orodha ya vyuo ambavyo Wizara ya Masomo ya Juu inavitambua.

Tatu, uliza wanafunzi wanafanyia wapi staji. Masomo ya afya bila hospitali ni kama kufundisha kupika bila moto. Shule ikikujibu "tutaona", ondoka. Ikikutajia hospitali, nenda huko uulize kama wanawapokea kweli.

Nne, tafuta watu wawili au watatu waliomaliza pale. Usiulize kama walipenda shule. Uliza kama wana diploma mkononi, na ilichukua muda gani kuipata.

Tano, uliza malipo yote, si yale ya kuandikishwa tu. Minerivali, mtihani, staji, blauzi, vitabu, chombo cha kupima presha, usafiri. Waandike kwenye karatasi. Elimu ya bure iliyoanza mwezi wa 9, 2019 ni ya shule za msingi za Leta. Haifiki kwenye ITM wala kwenye chuo.

Na kila unapolipa, dai resu yenye muhuri. Usimpe mwalimu pesa mkononi kwa ajili ya pointi. Unayenunua pointi leo, kesho ndiye atakayemshika mtoto wa mwenzako akiwa na degedege.

Tuseme ukweli juu ya mshahara

Hatutaki kuwadanganya. Kupata diploma ni jambo moja, kulipwa na Leta ni jambo lingine. Wafanyakazi wengi wa afya wa inchi yetu wanafanya kazi miaka mingi kabla ya kupata matrikile na kuingizwa kwenye listi ya mshahara. Wakingoja, wanaishi kwa prime ndogo inayotoka kwenye malipo ya wagonjwa wa kituo. Mwezi wenye wagonjwa wachache, prime inakuwa chache.

Kazi nyingine ziko kwenye kliniki za watu binafsi, kwenye hospitali za makanisa, za kampuni, na kwenye mashirika. Kule wanatazama kwanza diploma, halafu kama jina lako limeandikwa kwenye Ordre ya wauguzi, iliyoundwa kwa sheria namba 16/015 ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016. Kwa hiyo binti akimaliza, asiache jambo la kujiandikisha. Ni sehemu ya masomo.

Mtoto asiambiwe "soma uuguzi utajenga nyumba". Aambiwe: "soma, utapata kazi ambayo watu wataihitaji kila siku, na utapanda kidogo kidogo." Familia nayo ijipange kwamba mwaka wa kwanza na wa pili baada ya diploma, msaada utaendelea.

Mama aliyeacha shule, njia yake iko wapi?

Kama una diploma ya Leta, hata ya miaka 15 iliyopita, bado ni diploma. Itafute, itoe kopi, itunze pakavu. Inakuruhusu kuomba nafasi kwenye ISTM.

Kama ulisimama kabla ya kumaliza sekondari, mtihani wa Leta unakubali pia watu wanaojisomea wenyewe, wanaoitwa otodidakti. Wanajiandikisha, wanapita kwanza mtihani wa matayarisho, kisha wanafanya mtihani pamoja na wengine. Si rahisi, lakini mlango upo. Uliza kwenye ofisi ya elimu mapema, mwanzoni mwa mwaka wa shule, kwa sababu kujiandikisha kunafungwa muda mrefu kabla ya mtihani.

Kama hujui bado kama unaweza kazi hii, anza kwa kuwa rele wa afya wa mtaa wako. Hakuna mshahara, ni kujitolea. Lakini utatembea nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo, utajua kupima dalili, na mkuu wa kituo, yule tunayemwita titilere, atakujua. Baada ya mwaka mmoja utajua moyoni kama ni kazi yako.

Wengine wanaambiwa: "Mwanamke mwenye bwana hawezi kusaini kazi bila bwana kukubali." Zamani kodi ya familia ya 1987 ilisema hivyo. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016, siku ile ile ya sheria ya Ordre ya wauguzi, iliibadilisha. Hata hivyo, tunashauri mzungumze nyumbani mapema, bila vita. Kazi ya hospitali ina zamu za usiku, na staji pia. Baba wa watoto asipojua hilo mwanzoni, litakuwa neno mwezi wa tatu. Pangeni nani atalala na watoto, nani atapika, na mama mkwe au dada aitwe katika mazungumzo hayo.

Kwa anayesoma Lubumbashi, fikirieni pia barabara. Ni karibu kilomita 90, na mnajua wenyewe siku ambayo malori yamefunga njia. Mwanafunzi mwenye staji saa moja asubuhi hawezi kutoka Kasumbalesa kila siku. Afadhali kuanza mapema kutafuta ndugu wa kuaminika wa kumpokea, na kukubaliana naye kwa wazi juu ya chakula na kazi za nyumbani, ili binti asigeuzwe boyi wa nyumba akakosa muda wa kusoma.

Upande wa pili wa mpaka, na mbali zaidi

Kwa sababu tunaishi mpakani, wengine wanafikiria Zambia. Kule, diploma ya uuguzi inachukua miaka 3, na masomo ni kwa Kiingereza. Wanadai cheti cha darasa la 12 chenye alama nzuri, Kiingereza, hesabu na biolojia zikiwamo, na muuguzi lazima aandikwe kwenye baraza la wauguzi na wakunga la Zambia. Diploma yetu haivuki mpaka kama gunia la unga: lazima ipimwe kwanza na wenyewe. Na aliyesoma kule akitaka kufanya kazi hapa, ataomba ulinganisho wa diploma kwenye wizara yetu. Amueni mapema mtoto atafanya kazi upande gani.

Wenye ndugu Marekani watasikia juu ya vyuo vya jamii, ambako mtu anasoma uuguzi kwa miaka 2 hivi. Mpango huo ulianza kujaribiwa mwaka 1952, kutokana na wazo la mwalimu wa uuguzi Mildred Montag, kwa sababu inchi ilikosa wauguzi. Hata huko, diploma peke yake haitoshi: mtu anafanya mtihani wa kupata laisensi kabla ya kugusa mgonjwa kama muuguzi. Kwa hiyo kila mahali ni vile vile: shule inayotambuliwa, mtihani, na jina lako kuandikwa.

Likelemba ya masomo

Shida ya likelemba ya kawaida ni kwamba zamu yako inaweza kuja mwezi ambao shule haidai, na shule ikadai mwezi ambao si zamu yako. Ndiyo maana tunapendekeza sanduku la pembeni, la masomo tu.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wamama 12. Kila mmoja akiongeza franka 1,000 kwa wiki juu ya likelemba yake, sanduku linapata franka 12,000 kila wiki. Kwa wiki 40, ni franka 480,000. Haitalipa masomo yote ya mtu mmoja. Lakini itaokoa transhi ambayo ingemfukuza mtoto darasani, na ile ni shida kubwa kuliko zote.

Masharti yawe machache na ya wazi. Pesa inalipwa moja kwa moja shuleni, si mkononi mwa mzazi. Resu inaletwa kwenye mkutano unaofuata na kuonyeshwa kwa wote. Mama anarudisha kidogo kidogo kila wiki. Shule ambayo arete yake haijaonekana haipewi hata franka moja ya kikundi. Na mwanafunzi anayesaidiwa anakuja mara moja kwa kila trimestri kutufundisha jambo moja alilojifunza: jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari, dalili za hatari kwa mwenye mimba, au namna ya kushusha homa ya mtoto mkiwa njiani kwenda kituoni.

Kwa mkutano ujao, kila mama anayetaka kuandikisha mtoto, au kujiandikisha mwenyewe, alete vitu vitatu: jina la shule, karatasi ya malipo yote, na namba ya arete. Anayekosa kimoja tutamsaidia kukitafuta. Wawili kati yetu watapanda Lubumbashi kuuliza kwenye Divisheni ya Afya kwa ajili ya wote, na kila mwenye jina la shule atachangia usafiri wao. Mwenye diploma ya Leta iliyolala sandukuni, aje nayo pia. Tutaitazama pamoja.